Je, dawa za maumivu na uvimbe huzuia saratani?

Kila tunapozungumzia saratani hewani, swali hili halikosi kutufikia kwa simu na kwa ujumbe mfupi: "Nimesikia aspirini inazuia saratani. Je, nianze kumeza kila siku?" Wengine wameshaanza bila kumwuliza mtu yeyote, kwa sababu kidonge ni cha bei ndogo na kinapatikana dukani hapo hapo kijijini. Tumeona tuliandike jibu kwa kirefu, ulisome kwa nafasi yako na umsomee mwingine ambaye hana simu.

Jibu la haraka ni hili. Habari hiyo si uzushi. Kuna watu ambao aspirini imethibitika kuwapunguzia hatari ya saratani ya utumbo mpana, lakini ni watu maalumu, wanaojulikana kwa vipimo na wanaofuatiliwa na daktari. Kwa mtu mwingine yeyote, kumeza dawa hizi kila siku kwa nia ya kujikinga na saratani kunaweza kumletea madhara makubwa kuliko faida. Hapa chini tunaeleza kwa nini, na nini cha kufanya badala yake.

Dawa tunazozizungumzia ni zipi?

Ni zile dawa za maumivu ambazo pia hupunguza uvimbe. Zinazojulikana zaidi ni aspirini, ibuprofeni, diklofenaki, meloksikami, piroksikami, indomethasini na naproksini. Huenda unazijua kwa majina ya viwandani yaliyoandikwa kwenye pakiti, kwa hiyo soma pia maandishi madogo chini ya jina kubwa. Hapo ndipo jina halisi la dawa huandikwa.

Paracetamol, ambayo wengi tunaiita Panadol, haimo katika kundi hili. Inatuliza maumivu na kushusha homa, lakini haina nguvu ya maana dhidi ya uvimbe.

Prednisoloni na deksamethasoni hupunguza uvimbe pia, lakini ni za kundi jingine kabisa. Hizo hupunguza kinga ya mwili na hazitumiki kujikinga na saratani. Usizichanganye na hizi.

Uvimbe unahusianaje na saratani?

Ukijikata kwa jembe, sehemu ile huvimba, huwa nyekundu, hupata moto na kuuma. Huo ni mwili unaojitetea. Unapeleka damu na askari wake mahali palipoumia ili kuua vijidudu na kukarabati. Wataalamu huita hali hiyo inflamesheni. Kwa kawaida hudumu siku chache, kidonda kinapona, na askari wanarudi kambini.

Tatizo huanza pale inflamesheni isipokoma. Kijidudu kikikaa mwilini miaka mingi, au moshi wa sigara ukiunguza mapafu kila siku, mwili hubaki vitani. Seli za mahali pale huumia na kuzaliwa upya tena na tena. Kila seli inapojigawa kuna nafasi ya kosa kuingia katika jeni zake, na kemikali zinazotolewa na askari wa mwili huongeza makosa hayo. Makosa yakirundikana, seli moja inaweza kuanza kukua bila mpaka. Hiyo ndiyo saratani.

Daktari Mjerumani Rudolf Virchow aliliona jambo hili mwaka 1863, alipokuta chembe nyeupe za damu ndani ya vivimbe vya saratani. Lakini ilichukua zaidi ya miaka 100 kabla ya wataalamu kuelewa dawa za uvimbe zinaingiaje katika habari hii.

Mwaka 1971 mtafiti Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini huzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huleta maumivu, homa na uvimbe. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Baadaye ilionekana kwamba vivimbe vingi vya saratani ya utumbo hutengeneza prostaglandini kwa wingi na kuzitumia kukua. Hapo swali likajileta lenyewe: je, dawa inayozizuia haiwezi pia kuzuia saratani?

Watafiti waliona nini?

Mwaka 1988, mjini Melbourne nchini Australia, daktari wa upasuaji Gabriel Kune na wenzake waliwalinganisha wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana na watu wasio na ugonjwa huo. Waligundua kwamba waliokuwa na desturi ya kutumia aspirini walikuwa wachache zaidi miongoni mwa wagonjwa. Mwaka 1991 ukafuata utafiti mkubwa wa Marekani uliofuatilia watu zaidi ya 660,000. Waliotumia aspirini mara 16 au zaidi kwa mwezi walikufa kwa saratani ya utumbo mpana kwa kiwango cha chini kwa karibu asilimia 40.

Takwimu hizo zilitia moyo, lakini hazikutosha. Huenda wanaomeza aspirini ni watu wanaokwenda hospitali mara kwa mara, hivyo wakagunduliwa mapema. Ili kujua ukweli, lazima watu wagawanywe kwa bahati nasibu: kundi moja lipewe dawa, jingine lipewe kidonge cha kufanana nacho kisicho na dawa ndani, halafu wote wafuatiliwe kwa miaka.

Mwaka 2010 watafiti wa Oxford, Uingereza, walikusanya matokeo ya majaribio ya namna hiyo yaliyokuwa yamefanywa zamani kwa ajili ya moyo na kiharusi, yenye watu zaidi ya 14,000. Baada ya miaka 20, waliokuwa wamepewa aspirini walikuwa wamepata saratani ya utumbo mpana kwa kiwango pungufu kwa asilimia 24. Faida hiyo haikuonekana upesi. Ilijitokeza baada ya miaka mingi. Likumbuke hilo, maana tutalirudia.

Nani amethibitika kunufaika?

Wa kwanza ni watu wenye hali ya kurithi iitwayo Lynch. Kwao, jeni zinazotakiwa kurekebisha makosa ndani ya seli hazifanyi kazi sawasawa, na katika familia zao saratani ya utumbo mpana au ya kizazi huwapata watu kadhaa, mara nyingi kabla ya miaka 50. Jaribio lililoongozwa na Profesa John Burn wa Newcastle, Uingereza, liliwashirikisha watu 861 wenye hali hiyo. Waliopewa aspirini walimeza miligramu 600 kila siku kwa muda uliokusudiwa kuwa miaka 2 au zaidi. Matokeo ya ufuatiliaji wa miaka 10 yalitolewa mwaka 2020. Kati ya watu 427 waliopewa aspirini, 40 walipata saratani ya utumbo mpana. Kati ya 434 waliopewa kidonge bandia, waliopata ni 58. Mwaka huo huo, taasisi inayotoa miongozo ya tiba nchini Uingereza iliwashauri madaktari wafikirie kuwapa aspirini watu wenye hali ya Lynch.

Wa pili ni baadhi ya wagonjwa ambao wameshafanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana. Mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanyika Sweden, Norway, Denmark na Finland. Wagonjwa walipimwa kwanza jeni za uvimbe wao. Kwa wale waliokuwa na mabadiliko ya aina fulani katika jeni hizo, miligramu 160 za aspirini kila siku kwa miaka 3 zilipunguza saratani kurudi kwa karibu nusu.

Katika makundi hayo mawili hakuna aliyejianzishia dawa mwenyewe. Wote walipimwa, wakaambiwa dozi, wakafuatiliwa. Na hata kwao, aspirini haikuchukua nafasi ya uchunguzi wa utumbo kwa kamera wala ya upasuaji.

Jaribio lililogeuka kuwa onyo

Kwa kuwa aspirini huumiza tumbo, viwanda vilitengeneza dawa mpya za uvimbe zilizokusudiwa kulihurumia tumbo. Mojawapo ni rofecoxib, iliyouzwa kwa jina la Vioxx. Watafiti walitaka kujua kama inaweza kuzuia vinyama vinavyoota ndani ya utumbo mpana, ambavyo baadhi hugeuka kuwa saratani. Walikusanya watu karibu 2,600 waliokwisha kutolewa vinyama hivyo, nusu wakapewa dawa na nusu kidonge bandia.

Baada ya miezi 18 tofauti ilianza kuonekana. Waliomeza dawa walikuwa wakipata mshtuko wa moyo na kiharusi kwa kiwango cha karibu mara mbili ya wenzao. Tarehe 30 Septemba 2004 kampuni ya Merck iliiondoa Vioxx sokoni duniani kote. Jaribio lililoanzishwa kuwakinga watu na saratani ndilo lililofichua kwamba dawa ile huongeza hatari ya magonjwa ya moyo.

Diklofenaki, ambayo kwetu huuzwa sana, nayo inajulikana kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo, hasa kwa dozi kubwa na kwa muda mrefu.

Na wazee je?

Wengi waliotuuliza wana umri wa miaka 60 na kuendelea, au wanauliza kwa niaba ya wazazi wao. Kwao kuna jibu la wazi. Watafiti wa Australia na Marekani waliwafuatilia wazee wenye afya njema 19,114, wengi wao wa miaka 70 na zaidi. Nusu walipewa miligramu 100 za aspirini kila siku. Matokeo yalitolewa mwaka 2018, baada ya ufuatiliaji wa karibu miaka 5. Aspirini haikuwaongezea miaka ya kuishi wakiwa na afya. Iliongeza kuvuja damu. Na kinyume na ilivyotarajiwa, waliokufa kwa saratani walikuwa wengi zaidi katika kundi la aspirini: takriban 31 kwa kila watu 1,000, wakati katika kundi la kidonge bandia walikuwa 23.

Marekani yenyewe ilibadilisha ushauri. Mwaka 2016 jopo la wataalamu wa kinga nchini humo lilikuwa limependekeza aspirini kidogo kila siku kwa baadhi ya watu wa miaka 50 hadi 59 walio katika hatari ya ugonjwa wa moyo, likitaja pia saratani ya utumbo mpana. Mwaka 2022 jopo hilo hilo lilisema ushahidi kuhusu saratani hautoshi tena, na kwamba mwenye miaka 60 au zaidi asianze kumeza aspirini ili kujikinga na ugonjwa wa moyo kwa mara ya kwanza. Kama uliwahi kusikia ushauri wa zamani, basi ujue umeshabadilishwa.

Kwa nini kidonge kidogo kiwe na hatari?

Prostaglandini zile zile zinazoleta maumivu zina kazi nyingine njema. Zinasaidia kutengeneza ute unaolinda ukuta wa tumbo usiliwe na asidi, na zinasaidia damu kupita vizuri kwenye figo. Ukizizuia kila siku, unaondoa ulinzi huo. Tena aspirini hudhoofisha chembe sahani, zile chembe zinazofanya damu igande. Chembe iliyoguswa na aspirini hairudii kazi yake hadi inapokufa, yaani siku 7 hadi 10.

Kwa hiyo ukimeza kila siku, faida unayoitarajia iko mbali miaka 10, lakini hatari inaanza wiki hii. Kuwa mwangalifu zaidi ikiwa:

- una vidonda vya tumbo au umewahi kuwa navyo;
- una shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au wa figo;
- umezidi miaka 60;
- unakunywa pombe mara kwa mara;
- ni mjamzito. Dawa hizi zinaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa kuanzia wiki ya 20. Baadhi ya wajawazito hupewa aspirini kidogo ili kuzuia kifafa cha mimba, lakini hiyo huamuliwa kliniki;
- una homa ambayo haijajulikana chanzo. Kama ni dengi, aspirini na ibuprofeni zinaweza kuzidisha kuvuja damu;
- unayetaka kumpa ni mtoto. Mtoto mwenye homa asipewe aspirini bila agizo la daktari.

Nenda kituo cha afya mara moja ukiona kinyesi cheusi kama lami, ukitapika damu au kitu kama unga wa kahawa, mkojo ukipungua na miguu ikivimba, kifua kikibana, au upande mmoja wa mwili ukilegea ghafla.

Kuzima moto kwenye chanzo

Tukirudi kwenye inflamesheni isiyokoma, kuna habari njema ambayo haizungumzwi vya kutosha. Saratani nyingi zinazotusumbua Afrika Mashariki zinatokana na vyanzo vinavyojulikana, na vingi vinaweza kuzuiwa au kutibiwa bila kumeza kidonge kila siku maisha yote.

Ini. Virusi vya homa ya ini aina ya B vikikaa mwilini huliumiza ini kwa miaka na vinaweza kuleta saratani. Mtoto hupata kinga katika chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Usiziruke. Sumukuvu ya mahindi na karanga zilizoota ukungu huzidisha hatari hiyo, hasa kwa mwenye virusi. Kausha mazao vizuri, yahifadhi pakavu, na usile yaliyoota ukungu.

Mlango wa kizazi. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi hutokana na virusi vya HPV. Tanzania ilianza kutoa chanjo nchi nzima mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019, na wasichana hupewa bure. Mwanamke mtu mzima aende kupimwa. Katika vituo vingi mhudumu hupaka dawa ya siki kwenye mlango wa kizazi na kuangalia kama rangi inabadilika, na majibu unaondoka nayo siku hiyo hiyo.

Kibofu. Kichocho cha mkojo huacha mayai kwenye ukuta wa kibofu, na mayai hayo huusumbua kwa miaka. Kukojoa damu si dalili ya kijana kukua, kama wengine wanavyosema. Ni ugonjwa, na hutibiwa kwa prazikwanteli.

Tumbo. Bakteria aitwaye Helikobakta pilori husababisha vidonda vya tumbo, na akikaa muda mrefu huongeza hatari ya saratani ya tumbo. Madaktari Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua. Hutibiwa kwa mchanganyiko wa dawa kwa siku chache, ukishapimwa. Angalia jambo hili: mwenye vidonda vya tumbo akimeza aspirini ili kujikinga na saratani, anaumiza mahali pale pale palipohitaji kutibiwa.

Umio. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65, huenda vinasababisha saratani ya umio. Acha chai ipoe kidogo kabla ya kunywa. Sigara na pombe kali nazo huongeza hatari hiyo.

Usifunike maumivu

Lipo jambo moja la mwisho, nalo kwetu ni zito. Mtu amelima kutwa, kiuno kimekaza, anameza diklofenaki asubuhi na jioni. Siku mbili tatu, sawa. Lakini maumivu yale yale yakiendelea wiki ya tatu, ya nne, na kidonge kikiendelea kuyatuliza, huenda kidonge kinaficha ugonjwa unaokua. Wagonjwa wengi wa saratani hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshaenea, na matibabu yanakuwa magumu na ya gharama.

Ukiona unahitaji dawa ya maumivu kila siku kwa zaidi ya wiki moja au mbili, acha kuongeza pakiti. Nenda zahanati useme wazi: inauma wapi, tangu lini, na umeshameza nini. Fanya hivyo pia ukiona damu kwenye choo, ukikonda bila sababu, chakula kikikwama kooni, au ukitokwa damu ukeni wakati usio wa hedhi.

Maswali mnayotuuliza zaidi

Daktari alinipa aspirini kwa ajili ya moyo. Niache?
Hapana. Aliyewahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi akapewa aspirini na daktari aendelee nayo. Kuacha ghafla ni hatari. Mwulize daktari siku ya kliniki.

Katika ukoo wetu watu watatu wamekufa kwa saratani ya utumbo. Nifanye nini?
Usianze dawa. Andika majina yao, aina ya saratani na umri waliougua, uende na karatasi hiyo kwa daktari, naye akiona inafaa atakupa rufaa ya kwenda hospitali kubwa. Kama kuna mtu wa kunufaika na aspirini, huenda ni wewe, lakini uchunguzi wa utumbo hutangulia.

Nikimeza pamoja na chakula si salama?
Chakula hupunguza kuwashwa tumboni, lakini hakiondoi hatari ya vidonda wala kuvuja damu, kwa sababu dawa hufanya kazi yake kupitia damu.

Nimekuwa nikimeza kila siku tangu mwaka jana ili nisipate saratani. Sasa?
Mweleze mhudumu wa afya, hata kama unajisikia mzima. Atakupima shinikizo, atakuuliza kuhusu tumbo na kinyesi, na mtakubaliana namna ya kuacha. Usione aibu kumwambia. Anahitaji kujua ili akusaidie.